Moto wa mwanzo umepoa. Je, Mungu ameacha kunilea?

Mama, Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mama wa miaka 31, fundi cherehani, naishi Mbagala, Dar es Salaam, pamoja na mume wangu, mama mkwe na mtoto wetu wa kiume ambaye anakaribia kutimiza miaka miwili. Kwetu ni Tukuyu. Nimelelewa na bibi yangu, Mmoraviani wa siku nyingi, yule ambaye mvua inyeshe isinyeshe Jumapili yuko kanisani. Kila asubuhi kabla ya chai alikuwa anatusomea fungu la siku kutoka kwenye kile kitabu chao kidogo, tunasema Baba Yetu, basi. Mimi nilikuwa naona ni desturi tu ya wazee.

Niliokoka miaka mitatu na nusu iliyopita kwenye mkutano wa injili hapa mjini. Mama, nikikueleza nilivyokuwa hutaamini kama ndiye mimi. Nilikuwa naomba saa mbili bila kuchoka. Ijumaa mkesha, Jumatano maombi ya kufunga, Jumamosi kushuhudia mtaani. Nikifungua Biblia machozi yananitoka. Nilihisi kabisa Mungu yuko karibu nami chumbani. Nikajiunga na huduma moja huku kwetu, nikawa kwenye timu ya maombezi.

Tangu nijifungue, mambo yamebadilika. Mwanzoni nilidhani ni uchovu wa uzazi, utaisha. Haujaisha. Sasa hivi nikipiga magoti nalala palepale, nashtuka shingo inauma na taa inawaka. Nikisoma Neno naona maandishi tu. Siku hizi namwachisha mtoto ziwa, mama mkwe alinishauri nipake shubiri. Mtoto akionja anakunja uso, analia, kisha ananitazama machoni kama ananiuliza nimemkosea nini. Usiku analia mpaka majirani wanasikia. Mama, ukweli ni kwamba mimi namtazama Mungu hivyohivyo.

Pia sijawahi kunena kwa lugha, wakati wenzangu tuliookoka pamoja karibu wote wananena. Na hasira yangu bado ipo. Juzi nilimjibu vibaya mama mkwe kwa sababu ya ndoo ya maji, nikatoka nikaenda kwenye cherehani yangu. Nilikaa nashona, moyo hautulii, nikarudi ndani nikamwomba msamaha. Lakini mtu aliyekua kiroho si asingemjibu kabisa? Mwezi uliopita nilimshonea binti wa jirani sare ya shule bure, maana mama yake anaumwa. Zamani ningejisikia furaha, ningeshuhudia kanisani. Safari hii sikuhisi chochote. Nilimkabidhi nguo nikaendelea na kazi.

Viongozi wa huduma wananiambia nimepoa na nimerudi nyuma, kwamba kuna mlango nimeufungua adui akaingia. Wanasema nitoe sadaka ya kuvunja madhabahu za ukoo, laki moja na nusu, kisha niingie maombi ya siku 7 bila kula. Hela ninayo, ni ya kulipia fremu. Mume wangu ni dereva wa bodaboda, si mtu wa kanisa sana ila hanizuii, na sijamwambia.

Naomba unisaidie. Je, Mungu ameniacha? Au sikuokoka kweli? Nitoe hiyo sadaka? Na je, nihame huduma au nivumilie?

Ni mimi binti yako,
Mama Baraka (si jina langu halisi)

JIBU

Mwanangu Mama Baraka, amina, Bwana Yesu asifiwe.

Nianze na hela kwa sababu ndiyo haiwezi kusubiri. Usitoe. Ile ni kodi ya fremu, ni chakula cha mtoto wako, na mume wako ana haki ya kujua imeombwa. Katika Matendo ya Mitume sura ya 8 kuna mtu wa Samaria aitwaye Simoni aliyewaletea mitume fedha apate nguvu ya Roho Mtakatifu. Petro hakumpokelea. Alimwambia, "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe, kwa kuwa umedhania ya kuwa karama ya Mungu yapatikana kwa mali." Sadaka ni jambo jema, mimi mwenyewe natoa na nahimiza watu watoe. Lakini sadaka ya shukrani ni kitu kimoja, na bei ya kurudishiwa uso wa Mungu ni kitu kingine. Hiyo ya pili haipo. Kristo alishamaliza hesabu hiyo msalabani, na anayekudai tena anakudai deni lililolipwa.

Na kufunga siku 7 bila kula, mama unayenyonyesha hata kama ni mara chache, ambaye usiku halali? Hapana. Nasema hivyo kama mama mcha Mungu, na pia kama nesi niliyefanya kazi kliniki ya mama na mtoto mpaka nikastaafu.

Sasa swali lako kubwa. Mungu hajakuacha. Wala wewe hujarudi nyuma, kwa jinsi ninavyoisoma barua hii. Nitakueleza kwa nini nasema hivyo, maana sitaki uondoke na maneno matamu tu ya kukufariji.

Kadi ya kliniki ya mwanao unayo. Ichukue uifungue pale penye mchoro wa uzito. Mtoto anazaliwa na kilo kama 3, na akitimiza mwaka anakuwa na karibu mara tatu ya uzito aliozaliwa nao. Huo ni mwaka wa maajabu. Kila mwezi akining'inizwa kwenye mizani, sindano inasogea na mama anatabasamu. Mwaka wa pili mtoto huyohuyo mzima wa afya anaongeza kilo mbili au mbili na nusu tu, mwaka mzima. Mstari kwenye kadi unaendelea kupanda ila unapanda kwa ulegevu. Sikumbuki siku ya kliniki iliyopita bila mama mmoja kuja amejawa na hofu: "Nesi, mwanangu amedumaa, mbona haongezeki kama zamani?" Namuuliza, anatembea? Anatembea. Anaongea? Anaongea mpaka anatuchosha. Anapanda juu ya vitu? Jana amepanda meza. Mama anahangaikia kilo, wakati nguvu za mtoto zimehamia kwenye miguu, ulimi na akili.

Wewe unajipima kwa mizani ya mwaka wa kwanza. Machozi, saa mbili za maombi, kuhisi uwepo chumbani, vyote hivyo vilikuwa vya kweli, usije ukamruhusu mtu akuambie vilikuwa hisia tu. Yalikuwa maziwa, na Mungu ndiye aliyekupa. Petro anasema tuyatamani maziwa kama watoto wachanga ili tuukulie wokovu. Lakini mwandishi wa Waebrania, sura ya 5, anaendelea mbele: chakula kigumu ni cha watu wazima, ambao akili zao zimezoezwa kupambanua mema na mabaya. Kuzoezwa, mwanangu. Mazoezi hayana utamu wa maziwa.

Ngoja nikuoneshe mazoezi hayo kwenye barua yako mwenyewe, maana umeyapita haraka mno.

Ulimjibu mama mkwe vibaya. Ni kosa, sitalifunika. Kisha ukakaa kwenye cherehani, moyo ukakataa kutulia, ukainuka, ukarudi ndani ukaomba msamaha, kwa mkwe, ndani ya nyumba moja, bila kuitwa kwenye kikao. Nikuulize: ule mwaka uliokuwa unaomba saa mbili, ulishawahi kurudi namna hiyo? Nani aliyekunyima amani pale kwenye cherehani mpaka ukainuka? Adui hana kazi ya kumpeleka mtu kuomba msamaha. Roho Mtakatifu, ambaye unasema humhisi, alikuwa anafanya kazi kwako huku unashona, na wewe ukamtii. Hilo mimi nalihesabu kuwa kubwa kuliko mkesha.

Halafu ile sare. Umeniandikia kwa huzuni kwamba hukuhisi chochote. Mwanangu, hapo nilisimama kusoma kidogo, nikamshukuru Mungu kwa ajili yako. Mwanzoni tunatenda mema kwa sababu yanatupa furaha, na furaha hiyo ni zawadi. Ila mtu anayemshonea mtoto wa mgonjwa sare kwa kitambaa chake na uzi wake, bila hisia yoyote ya kumlipa, bila ushuhuda wa kanisani, anafanya hivyo kwa sababu gani basi? Wema umeanza kuwa tabia yake. Yesu alieleza jambo hili katika Marko sura ya 4: mtu anatia mbegu katika ardhi, analala na kuondoka, usiku na mchana, nayo mbegu inamea na kukua "asivyojua yeye". Kwanza jani, tena suke, kisha ngano pevu katika suke. Mkulima yule hakuambiwa afukue kila asubuhi aangalie.

Nije kwenye shubiri. Umeandika mwenyewe kwamba unamtazama Mungu kama mwanao anavyokutazama. Sidhani kama ulijua umeandika nini.

Miaka zaidi ya 400 iliyopita huko Hispania aliishi mtawa Mkatoliki anayeitwa Yohane wa Msalaba. Mwaka 1577 ndugu zake wa shirika lilelile walimfunga katika chumba kidogo mjini Toledo kwa sababu ya mageuzi aliyokuwa anayaunga mkono, akakaa humo mpaka alipotoroka mwaka 1578. Aliujua ukavu wa roho kwa kuupitia. Baadaye akaandika kwamba Mungu humlea mtu aliyeongoka karibuni kama mama mpole anavyomlea mtoto mchanga: anampasha joto kifuani, anamnyonyesha, anambembeleza. Kisha mtoto akikua, mama anaficha mapenzi yake ya kubembeleza, anapaka shubiri chungu kwenye ziwa lake tamu, anamshusha mikononi na kumwacha atembee kwa miguu yake. Shubiri hiyohiyo, mwanangu. Wanawake wa Hispania ya wakati ule walifanya alivyokushauri mama mkwe wako Mbagala.

Sasa niambie wewe uliye mama. Usiku ule mwanao anapolia na kukutazama kana kwamba umemkosea, wewe uko wapi? Umehama nyumba? Uko naye kitanda kimoja. Umemkumbatia. Pengine na wewe unalia. Mchana umemtengenezea uji, umemponda ndizi na maharage, umemtafutia dagaa. Umemwondolea ziwa, hujamwondolea mama. Na kwa nini unamwachisha? Kwa sababu meno yameota, tumbo limekomaa, na maziwa peke yake hayamtoshi tena. Hujachoka kumpenda. Ila yeye hayo yote hayajui. Anachojua ni kwamba utamu umegeuka uchungu na mwenye kuugeuza ni mama yake. Kwa akili yake ya miaka miwili, ameachwa.

Nabii Hosea anamsikia Mungu akisema jambo hilohilo kuhusu Israeli, sura ya 11. Alimfundisha Efraimu kwenda kwa miguu, akawachukua mikononi mwake, "lakini hawakujua ya kuwa naliwaponya." Hawakujua. Mtu anaweza kuwa mikononi mwa Mungu akitibiwa, na yeye akawa anajiona yuko peke yake barabarani.

Kuna zaburi moja fupi sana, ya 131, mistari mitatu tu. Ningependa uishike kwa moyo. Daudi anasema ameituliza nafsi yake na kuinyamazisha, "kama mtoto aliyeachishwa kifuani mwa mama yake." Mtoto anayenyonya akiwekwa kifuani hatulii. Anatafuta, anavuta blauzi, analia asipopata. Amekuja kifuani kwa sababu ya maziwa. Mtoto aliyekwisha kuachishwa anapanda mapajani, analaza kichwa palepale kifuani, na hataki kitu. Amemtaka mama. Wiki chache zijazo utamwona mwanao akifanya hivyo, na siku hiyo uikumbuke zaburi hii. Nadhani huko ndiko Bwana anakokupeleka: kwenye kumtaka yeye, siku ambazo hakupi utamu wowote.

Uliuliza kama hukuokoka kweli. John Wesley, mhubiri wa Uingereza ambaye kanisa la Wamethodisti limetokana na kazi yake, aliandika kwamba jioni ya tarehe 24 Mei 1738, katika mkutano mdogo London, alihisi moyo wake umetiwa joto kwa namna ya ajabu, akajua dhambi zake zimesamehewa. Hiyo sehemu watu wanaihubiri sana. Hawahubiri kwamba tarehe 4 Januari 1739, miezi michache tu baadaye, aliandika katika shajara yake kwamba yeye si Mkristo, maana haoni ndani yake upendo na furaha inavyopaswa. Aliendelea kuhubiri hata hivyo, mpaka alipofariki mwaka 1791. Joto la Mei halikuwa uongo, na baridi ya Januari haikulifuta. Tena waliomshika mkono Wesley kabla ya siku ile ya Mei walikuwa Wamoraviani, watu wa kanisa la bibi yako. Shikilia Wafilipi 1:6: "yeye aliyeanza kazi njema mioyoni mwenu ataimaliza." Mwenye kuanza ndiye mwenye kumaliza. Wewe hukujianzisha.

Kuhusu kunena kwa lugha sitasema mengi. Paulo anauliza katika 1 Wakorintho 12, "wote wanena kwa lugha?", na kwa jinsi alivyouliza jibu ni hapana. Karama hugawiwa na Roho apendavyo yeye. Ukipewa, pokea. Usipopewa, huna upungufu wa kuwa mwana.

Lakini nisiwe mama wa kukusifia tu. Kliniki tulikuwa hatumwambii kila mama "ni kawaida, nenda nyumbani". Mstari ukilala kabisa mwezi hadi mwezi, au ukishuka, tunamuuliza anakula nini na kama ana ugonjwa. Kwa hiyo nami nakuuliza, na ujijibu mbele za Mungu. Je, kuna dhambi unayoijua kwa jina, ambayo unaitunza na hutaki iguswe? Kama ipo, iungame leo, 1 Yohana 1:9 ipo kwa ajili hiyo. Kama haipo, acha kuchimba makaburi ya ukoo kutafuta. Mungu akitaka kukuonesha dhambi anakuonesha kwa wazi, kama alivyokuonesha ile ya ndoo ya maji. Hakuachi na hofu isiyo na jina.

Pia kuna mwili. Unalala magotini, unashtuka taa inawaka. Mwanangu, huo ni usingizi. Eliya katika 1 Wafalme 19, baada ya ushindi mkubwa wa Karmeli, alikaa chini ya mti jangwani akaomba afe. Mungu hakumkemea kwamba amepoa. Alimwacha alale, akamtuma malaika na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akala, akalala tena. Malaika alipomwamsha mara ya pili alimwambia ale tena, kwa sababu safari ilikuwa kubwa mno kwake. Mazungumzo yake na Mungu kwenye mlima Horebu yalikuja baadaye, mtu ameshakula na kulala. Basi zungumza na Baba Baraka. Hata kama si mtu wa kanisa sana, mtoto ni wake. Mwambie akae naye usiku ambao asubuhi yake hawahi kazini, wewe ulale chumba cha mama mkwe. Hata kumwachisha kunakuwa rahisi zaidi mtoto akibembelezwa na asiye na maziwa. Na shubiri iache, inaweza kumharisha; punguza vipindi vya kunyonyesha kimoja baada ya kingine, cha mchana kwanza, cha usiku mwisho. Kama una machozi yasiyo na sababu, huna hamu ya kula, au unapata mawazo ya kutaka kufa, nenda kliniki ukamwambie nesi wazi. Hilo linawapata akina mama wengi, linatibika, na kutibiwa si kukosa imani.

Upande wa maombi, nataka upunguze. Najua inasikika vibaya. Acha kwa sasa ile ndoto ya saa mbili inayokufanya uone kila siku umeshindwa. Asubuhi kabla hujafungua fremu, soma fungu moja na useme Baba Yetu. Desturi ile ya bibi yako Wamoraviani waliianza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1728, na kitabu cha kwanza kilichapwa kwa ajili ya mwaka 1731. Tangu hapo hakijakatika. Wamisionari wao walifika Rungwe, huko kwenu, mwaka 1891, nao walikuwa wanaishi kwa mafungu hayo. Fungu moja kwa siku ni chakula kidogo, lakini ni cha kila siku, na kimekuza watu wa vita, wa njaa na wa misiba. Mpigie bibi simu umwombe akusomee la leo. Atafurahi kuliko unavyodhani.

Halafu ukiwa kwenye cherehani sema na Mungu kwa sauti ya kawaida, katikati ya pindo na pindo. Ukikosa maneno, kaa kimya mbele zake. Warumi 8:26 inasema Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Na katika Isaya 40:11 mchungaji anawachukua wana-kondoo kifuani mwake, "nao wanyonyeshao atawaongoza polepole." Hao ndio ninyi, akina mama wenye watoto. Mungu anajua huwezi kwenda mwendo wa mabinti wa timu ya maombezi, naye amepunguza mwendo wake kwa ajili yako. Nakuomba usimkimbie mbele.

Mwisho, kuhama au kuvumilia. Usihame kwa hasira, na usihame kimyakimya. Mwombe mchungaji wa huduma akuone, nenda na mume wako au mama mtu mzima unayemwamini, umweleze hali yako kama ulivyonieleza mimi, na umwambie sadaka ile hutatoa. Kisha msikilize. Akikuuliza unalalaje, mtoto anaendeleaje, akakuombea na kukuachia nafasi ya kupumzika kwenye timu ya maombezi, basi umepata mlezi, kaa hapo. Akirudia habari ya mlango uliofunguliwa na hela, mshukuru kwa yote ya nyuma, uage. Mbagala makanisa yako mengi. Tafuta ambalo Neno linafundishwa kwa utaratibu, Meza ya Bwana inaandaliwa, na wapo akina mama wakubwa ambao unaweza kubisha hodi kwao mchana na mtoto mgongoni. Ukifika hapo wiki za kwanza usijiandikishe kwenye huduma yoyote. Kaa kwenye benchi, imba, pokea, rudi nyumbani.

Na kiongozi yeyote akikupigia simu kuhusu laki moja na nusu, mpe Baba Baraka simu aongee naye.

Ni mimi mama yako katika Bwana.